Siku Niliyofunga Pointi za Shule Nzima

Sikutaka kuisimulia hii, na kama si watoto wa mtaa wetu wa Kenya (mtaa wa Lubumbashi, si ile nchi) kuniita "Maman Clavier", yaani Mama Kibodi, kila ninapopita na bidoni langu la maji, ningenyamaza mpaka wote waisahau. Lakini kwa kuwa hawasahau, afadhali muisikie kwangu mimi mwenye aibu yangu kuliko kwao, maana wao wanaongeza chumvi, wanasema nililia mbele ya wazazi (sikulia, nilitokwa na kamasi tu, ilikuwa baridi ya Julai).

Mimi ni Zaina, binti wa Papa Ramazani fundi cherehani, yule mwenye atelier (karakana ya kushonea) ya mlango wa kijani karibu na soko. Kompyuta nilijifunza peke yangu kwa miaka miwili, kwenye laptop iliyopasuka kioo ambayo binamu yangu aliniletea kutoka ng'ambo ya mpaka, Zambia, na kila kitu nilichokijua nilikisoma kwenye simu nikiwa nimekaa juu ya magunia ya vitambaa. Sina diploma ya informatique. Mwenye diploma akikosea, watu wanasema mashine ni mbovu. Mimi nikikosea wanasema walijua tangu mwanzo. Basi nikawa mtu wa kuogopa kosa hata lile lisiloonekana, wa kufumua pindo zima la suruali kwa sababu ya tundu moja la sindano, mpaka baba akaniambia siku moja, bila kuinua macho kwenye kitambaa: "Weye ungekuwa tailleur muzuri kabisa, shida nguo hata moja haingetoka mu atelier."

Sasa mambo yalikuwa hivi. Kuna shule ya sekondari mtaani kwetu, baba ndiye anayeshona sare zake, na shule hiyo ina chumba cha kompyuta kumi na mbili dhaifu na moja yenye nguvu, ile ya préfet mwenyewe, yaani mkuu wa shule. Nilikuwa nimemwambia préfet kwamba tusinunue kitu chochote: ndani ya kompyuta yake yenye nguvu, bila kugusa faili zake, nitatengeneza mashine ya kufikirika (machine virtuelle, kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta nyingine kama mtoto tumboni), na ndani yake nitaweka mfumo mdogo ambao kazi yake ni moja tu, kubeba kontena. Kontena hapa ni programu iliyofungwa pamoja na kila inachohitaji, kama yale ya malori ya migodi yanayopita mjini kwetu kutwa: huulizi ndani mna nini, unaliweka mahali pake na linafanya kazi. Moja la kamusi, moja la mazoezi ya hesabu, moja la maktaba, na zile kompyuta kumi na mbili zitavuta vyote kwa waya. Préfet alipenda wazo, ila alitaka kuona kwa macho yake, mbele ya kamati ya wazazi. Nikifaulu, chumba kile kingekuwa mikononi mwangu kuanzia Septemba. Nikishindwa, shangazi yangu wa Kasomeno alikuwa ananisubiri nimsaidie dukani, na lori lilikuwa linaondoka Jumatatu. Baba ndiye aliyeyapanga hayo yote mawili kwa sentensi moja, siku alipokwenda kupeleka sare: "Préfet, uyu mutoto, miye njo ninasimama nyuma yake. Ikishindikana, lundi anaenda Kasomeno, hautamuona tena na machine."

Siku iliyochaguliwa ilikuwa Jumamosi, siku ya proclamation, wazazi wote wanapojaa uwanjani kusikiliza majina ya waliofaulu mwaka, na watoto wanakuja na poda mfukoni ya kuwamwagia wenzao kichwani. Maonyesho yangu yangekuwa saa tatu asubuhi, proclamation saa nne. Na hapa lazima mjue tabia ya préfet wetu: hachapishi majina kabla ya siku yenyewe. Mwaka mmoja karatasi ilitembea mtaani siku tatu kabla, mama mmoja akaja kumpigia kelele ofisini kwa pointi, yaani alama za mtihani, ambazo hazijasomwa, na tangu hapo pointi zote zinalala ndani ya kompyuta yake, chini ya neno la siri (mot de passe) analolijua yeye peke yake, mpaka asubuhi ya kusomwa. Anapoliandika, kila aliye chumbani anageuzwa uso ukutani. Kila mtu. Hata mwakilishi wa serikali aligeuzwa, wanasema.

Ilipofika ile Jumamosi, kazi yangu ilikuwa imekwisha. Naomba mlielewe hilo kabla hatujaendelea, kwa sababu ndilo linaloniuma mpaka leo. Alhamisi nilikuwa nimeileta mashine nzima kwenye clé (flashi), nimeitengeneza nyumbani, nimeiweka kwenye kompyuta ya préfet, nikabonyeza mara mbili kwa kipanya, ikafunguka, kontena zote tatu zikasimama. Sikuhitaji kuandika hata herufi moja. Ningefika Jumamosi, nikabonyeza mara mbili, nikakunja mikono.

Lakini saa mbili asubuhi, préfet alipokwisha kutufungulia kompyuta (mimi na Monsieur Ilunga, directeur de discipline, msimamizi wa nidhamu, tukiwa tumegeukia ukuta) na kwenda kuvaa tai yake, niliitazama mashine yangu kwenye orodha nikaona jina lake: "essai". Ndivyo nilivyoiita siku ya kwanza nikijaribu. Nani anaonyesha kamati ya wazazi kitu kinachoitwa jaribio? Kulibadilisha jina kulikuwa jambo la sekunde mbili, ila nilijua kwamba ndani, kwenye faili zake, lile jina la zamani lingebaki limejificha, na mimi nikijua kuna uchafu chini ya mkeka siwezi kukaa juu yake. Nikaifuta. Nikamwaga na pipa la taka. Nakala nyumbani sikuwa nayo, laptop ilikuwa imejaa, na clé nilikuwa nimeshaifuta nibebee faili za kusimikia. Nilijiambia nitaisimika upya mbele yao, dakika nne tu, safi toka chini mpaka juu. Nilikuwa nimefanya hivyo nyumbani zaidi ya mara ishirini.

Na kwa kuwa nilikuwa tayari nafagia, nikafagia zaidi. Masomo yangu yote nimeyasoma kwa Kiingereza, menyu za Kifaransa zinanichanganya, nikaibadilisha kompyuta ya préfet lugha, nikaweka Kiingereza cha Marekani, na ile ya Kifaransa nikaiondoa kabisa kwenye orodha kwa sababu orodha yenye vitu viwili inanikera. Kompyuta ikaniambia mabadiliko yataonekana ikiwashwa upya. Nikasema sawa.

Saa tatu kasoro robo wakaingia: préfet na tai yake, Maman Feza mwenyekiti wa kamati ya wazazi, Monsieur Ilunga na megafoni yake ya kutulizia uwanja, na baba. Baba alikuwa amevaa kofia yake ya Idi na suti aliyojishonea mwenyewe. Akapewa kiti, akakataa, akasimama ukutani nyuma yangu.

Nikaunda mashine mpya, nikaipa jina zuri la heshima, ikawaka, mfumo ukapanda, maandishi yakatiririka, Maman Feza akasema "eeh" kwa sauti ya kuvutiwa, halafu kishale kikasimama kikinisubiri niandike mstari mmoja, ule wa kuuambia mfumo: jisimike kwenye diski hii, ufuate maagizo ya faili hii. Mimi naandika kwa vidole viwili nikiangalia vibonye. Nikaandika, nikainua macho. Pale nilipobonyeza A palikuwa na Q. Pale pa kistari palikuwa na 6. "Install" ilikuwa imekuwa "instqll", na chini yake mfumo ukajibu kwamba amri hiyo haijui.

Nikaandika tena, polepole. Instqll. Haijui.

"Mademoiselle," akasema préfet, "iyi njo ile kintu ao bado?"

"Bado kidogo, Papa Préfet."

"Pengine clavier iko na michanga," akasema Monsieur Ilunga. "Ya kwangu ninaipiga ku mugongo, inaponaka."

Akaichukua kibodi, akaigeuza, akaipiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa, vikaanguka vipande vya biskuti na kipini kimoja. Nikaandika mara ya tatu. Instqll. Kwapa zilikuwa zinatiririka, katika mwezi ambao Lubumbashi nzima inavaa makoti.

(Najua baadhi yenu mnacheka, mmeshaelewa. Hata mimi nilikuwa najua. Kila mtu mjini kwetu anajua kwamba kuna kibodi za aina mbili, zile za Kifaransa tulizozizoea maofisini, na zile za Kiingereza zinazopanda kutoka Zambia ndani ya laptop za mtumba kama yangu, herufi hazikai mahali pamoja. Ila kujua kitu ni jambo moja, na kukikumbuka préfet akiwa anapumua juu ya bega lako ni jambo lingine. Mashine yangu mpya, kama kila mashine ya aina yake inapozaliwa, iliamini inaguswa na vidole vya Mmarekani. Nyumbani ilikuwa kweli. Pale shuleni haikuwa.)

Nikasema maneno ambayo kila fundi aliyeishiwa huyasema: "Tuizime, tuiwashe."

Ikazima, ikawaka, ikaomba neno la siri la préfet.

"Mugeuke," akasema préfet.

Tukageuka wote. Tukasikia vidole vyake, kimoja kimoja, halafu kimya. Akaandika tena. Kimya. Akaandika mara ya tatu, akivipiga vibonye kwa nguvu zaidi, halafu akasema kwa upole ulionitisha kuliko kelele: "Geukeni. Inanikatalia."

Kwenye kioo palikuwa na maandishi ya Kiingereza ambayo yeye hakuwahi kuyaona kwenye kompyuta yake, yanayosema asubiri dakika kumi ndipo ajaribu tena.

"Juu ya nini machine yangu inanisemesha Kiingereza?"

Nilikuwa nimeshamwona Maman Feza akiangalia saa, na nje ya dirisha uwanja ulikuwa umejaa, kina mama na vitenge vya sherehe, watoto na poda zao, vijana wamepanda ukutani. Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi na tano. Majina yote yalikuwa ndani ya ile kompyuta, hakuna karatasi hata moja duniani iliyokuwa nayo, na mimi ndiye niliyekuwa nimeigusa wa mwisho.

Préfet akamgeukia baba. "Ramazani. Mutoto wako aliua ma-points?"

"Sijue, Préfet," akasema baba. "Nilisema ninasimama nyuma yake. Bado ninasimama."

Monsieur Ilunga, ambaye Mungu alimpa sauti na akasahau kumpa breki, akatoka barazani na megafoni kutuliza watu. Nilimsikia kwa masikio yangu, nadhani hata wa upande wa pili wa soko walimsikia: "Bazazi, mutuvumilie kidogo. Ma-points iko, lakini imefungiwa mu machine. Ni binti ya tailleur Ramazani njo aliifunga. Iko anatafuta namna ya kuifungua."

Kicheko kikaanzia upande wa wavulana kikaja kama mvua juu ya mabati, na ndani ya kicheko sauti ya mwanamke, wazi kabisa: "Binti ya Ramazani? Arudie ku sindano, kule hakuna mot de passe."

Sikumtazama baba. Nilisikia tu viatu vyake vikisogea kidogo.

Dakika kumi zikaisha. "Mugeuke," akasema préfet, na tukageuka tena kama wanafunzi wenye kosa, na ndipo, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuweka macho, nikaanza kuutazama ukuta. Ukutani palikuwa na mchoro mkubwa wa kibodi, wa kufundishia, uliochorwa kwa mkono kwenye karatasi ya manila. Safu ya juu: A, Z, E, R, T, Y. Nikaisoma mara ya kwanza kama mtu anayesoma tangazo la dawa. Nikaisoma mara ya pili. Nyumbani, mahali pa ile A, mimi nina Q. Nyuma yangu préfet alikuwa anaanza kubonyeza, na mimi nikakumbuka saa mbili asubuhi, lugha, orodha yenye vitu viwili, na ile "sawa" niliyoisema.

"Papa Préfet, usiandike," nikasema, nikageuka. Ndiyo, niligeuka kabla ya ruhusa, na aliufunika mlango wa siri yake kwa viganja viwili juu ya kibodi kana kwamba nimemkuta bafuni.

Nikamwambia ukweli wote pale pale, mbele ya Maman Feza na baba: kwamba pointi ni nzima, hakuna kilichokufa, ila asubuhi nilibadilisha kitu ambacho hakuna aliyenituma kukibadilisha, na sasa kompyuta inasikia herufi nyingine kuliko zile anazozibonyeza, na haiwezi kurudi Kifaransa mpaka afungue, na hawezi kufungua mpaka irudi Kifaransa. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kusikika kama mwizi.

"Basi niambie mot de passe ninaiandika namna gani."

"Inategemea herufi. Iko na A ndani?"

Akarudisha viganja juu ya kibodi.

"Ao Z? Ao M? Ao chiffre, namba?"

"Mademoiselle," akasema préfet, "unaniuliza mot de passe yangu, herufi kwa herufi, mbele ya kamati."

Alikuwa na haki. Nikatazama kibodi yake, nyeusi, imechakaa, na ndipo nikajua ninachohitaji na ni nani anacho, na ilinibidi nigeuke nimwangalie baba kwa mara ya kwanza tangu megafoni.

"Papa, uko na chaki?"

Baba hatembei bila chaki ya kushonea, hata Idi, hata msibani. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa ile suti, akatoa kipande cheupe, akakipuliza, akanipa. Ncha yake ilikuwa kali kama kisu, yeye mwenyewe huinoa kila asubuhi. Nikaandika juu ya vibonye herufi ambazo kompyuta ilikuwa inazisikia: Q juu ya A, A juu ya Q, W juu ya Z, Z juu ya W, M juu ya mkato, kistari juu ya mabano, na mengine machache. Na bado (mniamini) nilifuta ile W mara moja nikaiandika upya kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa mfupi.

"Papa Préfet, ufuate chaki tu, usifuate ya zamani. Na kama kuna chiffre, finya yenyewe, usishike majuscule, ile ya herufi kubwa. Sisi tunageuka."

Tukageuka. Nje walikuwa wameanza kupiga makofi ya watu waliocheleweshwa, yale ya pamoja. Kidole kimoja. Kingine. Nikahesabu bila kutaka: kumi na moja. Halafu kompyuta ikapiga ule mlio wake mdogo wa kukaribisha mtu.

Préfet alichapisha karatasi zake moja baada ya nyingine, akazipanga, akazigonga mezani zilingane, akatoka nazo, na majina yalianza kusomwa saa tano kasoro dakika ishirini. Sisi wawili, mimi na baba, tulibaki chumbani tukiyasikiliza kupitia dirishani. Nilirudisha Kifaransa kwenye kompyuta. Sikugusa kingine chochote.

Préfet alirudi adhuhuri, ana poda begani na sikioni. Akaitazama kompyuta, akanitazama mimi.

"Na ile kintu yako? Uliiingiza?"

"Bado, Papa Préfet."

"Iingize."

Nikakaa. Mashine ile ya ndani bado iliamini mimi ni Mmarekani, hivyo nikafuata chaki. Mstari ukatoka sawa, herufi kwa herufi. Ilichukua dakika nne, kama nilivyosema asubuhi, na kontena zote tatu zikasimama mbele ya watu watatu waliochoka, na baba akasogea mbele kwa mara ya kwanza, akainama, akaitazama ile kamusi ikifunguka kwenye kompyuta dhaifu ya kona.

"Septemba," akasema préfet, akijipangusa poda. "Lakini à l'essai. Miezi tatu. Nione kwanza."

Nikasema asante. Tulipofika mlango wa kijani baba akanyoosha kiganja, nikamrudishia chaki yake, imebaki ndogo kama jino la mtoto. "Lundi unaenda Kasomeno mpaka septembre," akasema. "Shangazi anangoja, na uku mtaani inapashwa basahau kidogo." Hawakusahau, kama mnavyojua.

Nilirudi Septemba, na miezi mitatu ikapita, na nyingine baada yake. Kibodi ya préfet bado ina alama nyeupe kwenye pembe za vibonye, anakataza isipanguswe. Mimi nimeapa mambo mawili tu: siketi mbele ya mashine ya mtu kabla ya kuisoma safu ya juu ya herufi zake, hata kama mwenyewe ananisalimia, na kitu kinachofanya kazi sikifuti kwa sababu ya jina lake. Ile mashine ya pale shuleni ninayoilinda kila siku, siku ile kabla sijaondoka niliipa jina jipya kule ndani yake, baba akiwa ameinama pembeni yangu. Nililiandika kwa vidole viwili, nikiifuata chaki. Inaitwa "essai".